Mbao Nzima

Maafisa wa forodha walifika Kwai asubuhi, siku moja kabla ya ndoa ya Mwanahamisi. Mama yake, Salma, alikuwa uani na wanawake wa jirani wakichambua mchele. Alipoona gari jeupe linaingia getini alidhani ni wageni wa kulala, akaenda kuwapokea huku akijifuta mikono kwenye kanga.

“Shikamoo mama,” alisema dada aliyeshuka kwanza. “Naitwa Glory, natoka forodha, Tanga. Huyu ni mwenzangu. Tumekuja kuangalia sakafu yako.”

“Marahaba. Sakafu ina nini?”

Glory alimweleza bila haraka. Mbao za sakafu ya nyumba hii ya wageni ziliagizwa kutoka nje. Wakala aliyetoa mzigo bandarini alitamka kuwa ni mbao nzima, yaani kila ubao ni kipande kimoja cha mti. Sasa karatasi zilikuwa zimepitiwa upya, na uzito wa mzigo haukukubaliana na tamko hilo. Ulielekea zaidi kwenye mbao za tabaka, zile zenye ngozi ya mti mzuri juu na plaiwudi chini. Kila aina ina msimbo wake kwenye kitabu cha ushuru, na ushuru wa mbao za tabaka ni mkubwa zaidi.

“Kwa hiyo lazima tuone ndani,” alisema. “Kuna ubao wowote uliobaki?”

“Vipande vilivyobaki viliishia jikoni, kwenye moto.”

“Basi itabidi tung'oe mmoja.”

Salma aligeuka kutazama sebule. Mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Hapo ndipo ndoa ingefungwa kesho. Akaomba dakika moja, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Wakala alikuwa Jafari, mdogo wa marehemu mumewe, Shabani. Alipokea simu haraka.

“Shemeji, watu wa forodha wako hapa. Wanataka kukata sakafu.”

Jafari alishusha sauti.

“Wasikate,” alisema.

“Kwani si mbao nzima? Si wewe uliniambia?”

“Ni za tabaka. Nilijua tangu kontena linafunguliwa. Ule ushuru usingeuweza, shemeji. Kaka alikuwa ametoka kufa, nyumba haina hata paa. Ningefanyaje?”

Salma akakaa kitandani.

“Sikiliza,” Jafari aliendelea. “Waambie za sebuleni ni mbao za hapa hapa, amezipasua fundi Stephano. Za kontena ziko vyumbani, na vyumba vina wageni. Waondoke tu leo. Wakikata, mimi kesho nitakuwa Tanga naandika maelezo. Na nani atamwozesha Mwanahamisi?”

Hakuhitaji kuongeza neno. Mwanahamisi hakuwa na kaka, na babu yake alishafariki. Walii wa kumwozesha alikuwa Jafari peke yake.

Salma alirudi sebuleni akayasema yale maneno kama alivyopewa. Aliisikia sauti yake ikipanda.

Glory hakubisha. “Huyu Stephano anakaa mbali?”

“Hapo bondeni,” alijibu mwanamke mmoja kutoka mlangoni, kabla Salma hajapata la kusema.

Yule afisa mwingine akatoka kwenda kumwita. Uani ulisikika mchele tu ukirushwa kwenye nyungo.

Stephano aliingia na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa fundi wa makamo, mzee wa usharika, na ndiye aliyemalizia paa la nyumba hii Shabani alipofariki.

“Shikamoo mzee,” alisema Glory. “Mama anasema mbao hizi umepasua wewe.”

Stephano alimtazama Salma. Salma akatazama mikeka.

“Kama ni za hapa, zina kibali cha misitu,” Glory aliendelea. “Naomba nikione, niandike, niondoke. Kama hakipo, nitawaita watu wa misitu, maana hapo si kazi yangu tena.”

Hakuna mtu Kwai asiyejua maana ya kukutwa na mbao za msituni bila kibali. Jirani wa Stephano alikuwa gerezani kwa ajili ya magogo mawili. Fundi akamuuliza Salma kwa Kishambaa, polepole, anataka yeye aseme nini. Hakuwa na hasira. Salma angeona afadhali kama angefoka.

Mwanahamisi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, hina mbichi mikononi, vidole amevitanua isiharibike. Salma alimwona, na alijua anachomfanyia.

“Si zake,” alisema. “Nimedanganya. Zote ni za kontena. Kateni.”

“Mama!” Mwanahamisi alilia. “Na ba'mdogo je?”

Salma aliinama, akakunja mkeka.

Afisa alitoa patasi, lakini Stephano akamshika mkono. “Utapasua na zisizohusika. Nipe.” Akapiga magoti karibu na ukuta, akakata taratibu, akainua kipande. Pembeni kilionyesha kila kitu: ngozi nyekundu nyembamba kama ganda la chungwa, na chini yake mti mweupe, tabaka moja limelala hivi, jingine vile.

Glory alikipiga picha, akakifunga, akampa Salma karatasi atie sahihi. “Mtaitwa, wewe na wakala wako,” alisema. “Ukiulizwa, sema kama ulivyosema sasa.”

Simu ya Jafari ilikuwa imezimwa tangu mchana ule. Shehe alisema walii anaweza hata kwa simu kumteua mtu aozeshe kwa niaba yake, lakini lazima yeye shehe aisikie sauti ya walii. Walijaribu mpaka wakachoka.

Kesho yake upande wa bwana harusi walifika kutoka Mtae, wamechoka na barabara. Walikaa. Chai ikapoa. Shehe alikuwa ameanza kukunja kanzu ainuke pale Jafari alipotokea mlangoni, hajanyoa. Alimpita Salma kama anayepita nguzo, akaketi, akamshika bwana harusi mkono, akamwozesha mtoto wa kaka yake kwa sauti isiyotetemeka.

Salma alimpelekea sahani ya pilau mwenyewe. “Kula, shemeji.”

“Siku nyingine,” alisema Jafari, akatafuta viatu vyake.

Jafari alinyang'anywa leseni yake ya uwakala. Salma aliuza ng'ombe wa maziwa, akawa analipa ushuru kidogo kidogo.

Stephano hakuja harusini. Mambo yalipotulia, Salma alishuka bondeni na hotpoti ya pilau. Alimkuta akipiga randa, akamwomba radhi. Fundi aliendelea na kazi mpaka ubao ukaisha.

“Nilijua utanitoa,” alisema. “Ila ulikuwa umeshaniingiza, Salma.”

“Najua.”

Stephano alipangusa benchi kwa kiganja, akampa nafasi ya kukaa. “Haya. Bibi harusi kafika salama Mtae?”