Pampu ya Pili

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, fupi na kavu, tss, kama ya mtu anayenyamazisha mtoto. Nilikuwa mlangoni nimeshavaa aproni ya kazini, na pampu ya pumu, pampu pekee tuliyokuwa nayo mimi na dada yangu, ilikuwa mfukoni mwangu. Niliipapasa kuhakikisha. Ilikuwepo. Sasa dada alikuwa anavuta nini?

Pumu tuliirithi kwa mama, pamoja na ubishi wake. Dada alijaza magodoro kwenye karakana, mimi nilipiga pasi kwa dobi. Yeye alimeza vumbi, mimi mvuke. Pampu tuliiita Mpangaji, maana ilikula kuliko sisi wawili na kodi hailipi. Bei ilipopanda tena, tulikubaliana tuchange tununue moja tu. Ili nipate nusu yangu niliacha masomo ya ushonaji ya jioni, na aliyeniuliza nilimjibu kwamba nimechoka. Dada aliamua kuwa mchana nikae nayo mimi, yeye ataitumia jioni. Lakini kila jioni nilipompa, alisema kifua kimetulia, niiweke tu.

Kuanzia asubuhi ile nikawa mpelelezi. Mimi nikishashuku kitu, hata chumvi naionja mara mbili. Nilisikia tss akivaa viatu, tss akitoka bafuni, kisha mkono wake ukizama haraka kwenye mkoba. Pesa alizitoa wapi? Nilimfikiria tajiri wa karakana, jinsi alivyomruhusu kutoka mapema siku moja bila sababu ya maana. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tulikula sufuria moja na kuchekeana, kumbe mwenzangu ana ya kwake kaificha.

Jumapili alipokwenda kuoga, nilifungua mkoba. Nikaikuta, imeviringishwa kwenye kipande cha kitambaa cha godoro. Niliiweka mezani, nikakaa kumngoja.

Aliporudi aliiona kabla hajaniona mimi. Akakaa kitandani, maji yakimdondoka shingoni.

"Ni ya nani?"

"Yangu."

"Tangu lini?"

"Muda," akasema, macho yakiwa sakafuni.

Nikamtolea yote yaliyokuwa moyoni, masomo niliyoyaacha, unafiki wake, hata la tajiri wa karakana nililitapika. Aliendelea kutazama sakafu, na hilo likanizidishia hasira. Kifua kikaanza kubana. Pampu yangu ilikuwa kwenye aproni iliyoning'inia mlangoni, karibu tu, lakini mkono wangu ulikwenda kwenye ya kwake. Nilitaka nimpunguzie dawa yake.

"Acha hiyo," akasema. "Chukua yako."

Mchoyo mpaka mwisho, nikawaza, nikaitia mdomoni na kubonyeza.

Tss. Nilingoja ule uchungu unaobaki nyuma ya ulimi dawa ikishapita. Haukuja. Nikabonyeza tena, nikavuta mpaka mabega yakapanda. Upepo wa baridi tu, na kifua kimekazana vilevile. Dada alikuwa ameshaifikia aproni. Alinishika mgongo, akaniwekea pampu yangu mdomoni, akaniambia nivute taratibu, kama mama alivyokuwa akituambia. Uchungu ukaja, na pumzi nyuma yake.

Nilipoweza kusema niliigeuza ile ya kwake. Kwenye mdomo wa pampu kulikuwa na alama za zamani za meno yangu. Ilikuwa pampu yetu ya zamani, ile iliyokwisha, niliyompa mwenyewe akaitupe.

"Hii si ilikwisha?"

"Dawa ndiyo ilikwisha. Sauti bado ipo." Alifuta maji shingoni. "Nikiisikia, kifua kinadanganyika kidogo. Nafika kazini."

Miezi yote ile, katikati ya vumbi la magodoro, dada yangu alikuwa anavuta hewa tupu ili dawa ibaki kwangu. Ndipo nikakisikia kifua chake, ambacho upelelezi wangu wote haukukisikiliza. Kilikuwa kinapiga mluzi. Niliona aibu, nikaogopa sana. Nikampa pampu yenye dawa. Akaitikisa, akaisogeza mdomoni, akasita.

"Na wewe kesho?"

"Vuta, dada."

Siku hizi kila mmoja ana yake. Nikimsikia akivuta, nikiwa chumba chochote, namuuliza kama ni chungu. Ananijibu kwamba ni chungu kama shubiri. Simwamini. Naenda, namnyang'anya, naionja mwenyewe.