Uzi wa Nailoni

Sweta ya tatu ilikuwa imetafunwa zaidi kuliko mbili za kwanza. Mkono wa kulia haukuwa na ukingo tena. Nyuzi zilining'inia zikiwa zimekakamaa kwa mate yaliyokauka, na karibu na kifundo palikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba. Fundi aliigeuza, akaisogeza dirishani penye mwanga.

"Zote ni za mtoto mmoja?"

"Mmoja, na muhula wenyewe ni mmoja," alisema mteja, mama wa ofisini ambaye hata funguo za gari hakuziweka chini. "Nilinunua dukani alipohamia darasa la pili kule geti jekundu. Sasa nimeambiwa wewe una uzi wa dawa. Sijui nimezaa mtoto au nimezaa panya."

Fundi alicheka kwa mazoea. Utani huo wa panya aliuanzisha mwenyewe miaka saba nyuma, alipoanza kuwafumia sweta watoto wa shule ya geti jekundu, na sasa wateja walimrudishia wakidhani wameubuni wao. Dawa nayo ilikuwa yake: nailoni aliyoichanganya na sufu kwenye ukingo wa mikono, ikawa ngumu kiasi kwamba meno yoyote yangesalimu amri. Mwalimu mkuu aliupenda ubunifu ule, akaagiza sweta zote za darasa la kwanza zifumwe hivyo.

Mteja alipoondoka, fundi alirudi kwenye mashine yake ya kufumia. Sweta iliyokuwa pale, saizi ya mwisho kwa udogo, ilibakiza kushonwa ubavuni tu. Ilikuwa ya binti yake. Aliushika mkono wa sweta, akahisi ule ugumu chini ya kidole. Alikuwa ametia nailoni. Kwa sweta hii hakuna aliyemwagiza, wala hakukumbuka kuamua.

Kesho yake, Ijumaa saa nne, yeye na binti walitakiwa kwenye shule hiyo ya geti jekundu kwa usaili, na mtoto akifaulu, fomu isainiwe hapo hapo. Watu walihangaika miaka kuipata nafasi ile. Yeye alipewa kwa sababu mwalimu mkuu alimwita "fundi wetu". Shule nyingine iliyokuwepo ni ile ya jirani, nyuma ya soko, ambako watoto walibanana wanne kwa dawati na mwalimu mmoja akiugua, madarasa mawili yalicheza mpira. Fundi hakuwa mjinga. Yeye mwenyewe aliishia njiani kimasomo, na mpaka leo barua yenye maneno marefu ilimtoa jasho. Asiyetaka mwanawe avuke hapo ni nani?

Jioni mumewe, fundi bomba, alikuta sweta iko mezani mahali pa sahani.

"Mbona haijaisha?"

"Baba Chiriku, umewahi kuangalia mikono ya sweta za watoto wa kule?"

"Mimi naangalia matokeo."

"Wanazitafuna. Na mimi nimekaa miaka saba nazifanya zisitafunike."

Mume alivuta kiti, akakaa. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Watoto wanatafuna vitu, mama. Wewe mwenyewe unatafuna uzi kutwa."

"Natafuna nikiwa na kazi ngumu."

"Haya. Na shule ni kazi ngumu."

Chumba cha pili binti yao wa miaka sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa jinsi alivyojaliwa mdomo, alikuwa akimfundisha mdoli kuhesabu na kumsifu kila anapopatia.

"Mimi nilisoma hapo jirani," mume alisema taratibu. "Nilicheza nikachoka, sikutafuna kitu. Leo naingia chini ya sinki za watu waliosoma kule, wananiruka miguu kama gogo. Mpeleke kesho. Usinirudishie mtoto kwa sababu ya uzi."

Fundi aliimalizia sweta kabla ya chakula.

Njia nzima Chiriku aliongea. Aliuliza kama kuna bembea, kama mwalimu ana mtoto, kama mtu akijua sana anaruhusiwa kurudi nyumbani mapema. Walipopita geti jekundu mama alimkanya apunguze sauti, kisha akajiuliza kwa nini amemkanya. Ua lilikuwa limefagiliwa likang'aa. Mwalimu mkuu aliwapokea kwa bashasha, akamkabidhi mtoto kwa mwalimu mwenzake, na mlango wa chumba cha usaili ukafungwa.

"Naweza kuwaona wa darasa la kwanza?" fundi aliuliza. "Niangalie sweta zinavyowakaa."

"Karibu sana. Ni kazi yako ile."

Alisimama mlangoni. Watoto thelathini, na hakuna aliyegeuka. Ubaoni majina yao yalipangwa kuanzia wa kwanza hadi wa thelathini, na mwalimu alikuwa na kifutio mkononi, akihamisha jina moja chini. Mikono ya sweta ilikuwa mizima yote, imenyooka, kama siku ilipotoka mashineni. Msichana aliyekuwa karibu na mlango alikuwa anatafuna vidole. Ncha zake zilikuwa nyekundu, na kimoja kilikuwa kimefungwa plasta ambayo nayo ilishaanza kutafunwa.

"Ijumaa wanakuwa na wasiwasi kidogo," mwalimu mkuu alinong'ona, bila ubaya wowote. "Siku ya orodha. Wanazoea."

Fundi alitamani ardhi impasukie. Alirudi ofisini kwa mwalimu mkuu akiwa amekunja mikono kifuani, kana kwamba ana cha kuficha.

Chiriku alitoka kwenye usaili mbio, akakumbuka adabu, akatembea. Mwalimu aliyemsaili alikuwa anatabasamu. "Amepata yote. Hajakosa hata moja."

Fomu ilisogezwa, na kalamu juu yake. Fundi aliitazama kalamu. Alimwona mumewe chini ya sinki, na miguu ya watu ikipita.

"Naomba nisisaini, mwalimu."

"Umeona tatizo gani?"

"Mtoto wangu bado mdogo."

"Ana umri wa wenzake. Mama, watu wanaililia nafasi hii."

"Najua. Nawafumia sweta." Aliisogeza kalamu pembeni ya fomu. "Na za mwakani sitatia nailoni."

Mwalimu mkuu aliirudisha fomu upande wake, polepole, akaiweka sawa na ukingo wa meza. "Basi za mwakani itabidi tutazame mafundi wengine pia."

"Sawa, mwalimu."

Nje jua lilikuwa kali. Walivuka ua, geti likafungwa nyuma yao, na fundi akaanza kupanga maneno ya kumwambia mume, akayapangua.

"Mama, nilikosea ngapi?"

"Hukukosea, mwanangu. Umepata yote."

"Basi mbona wametukataa?"

"Hawajatukataa. Mama ndiye amekataa."

Chiriku alimtazama usoni jinsi mtoto anavyomtazama mkubwa anayemficha jambo. Kisha akakunja kidole cha kwanza.

"Saba na mbili, tisa," alisema kwa sauti ndogo. "Ng'ombe anakula majani. Baada ya Jumanne, Jumatano." Akakunja kingine. "Kinyume cha ndefu, fupi."

Mama alimshika mkono ule mwingine. Wakashuka barabara, mtoto akiyapitia majibu yake moja baada ya jingine akitafuta lililoharibu mambo, na yote yalikuwa sahihi.