Bao la Safu Nne

Mkono wa mzee Faraj ulikuwa unakwenda vizuri, kete zikidondoka mashimoni moja moja bila haraka, mpaka ile ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yake, shimo la pembe nne ambalo mcheza bao hulilinda kuliko mengine yote. Akauondoa mkono, akaegemea ukuta wa daka la mlangoni. Mwanakuu, mpwa wake, akamshika kifundo cha mkono kwa upole na kuurudisha juu ya ubao.

"Hapo lazima usafiri, mjomba. Zichote zote uendelee."

"Lazima ya nani?"

"Ya kanuni ninazozijaribu."

Mzee akamtazama kidogo, kisha akazichota kete zote za nyumba yake na kuzitawanya. Mzee Kamaludin, mpinzani wake wa tangu ujana, alingoja zamu yake huku ameuma mdomo asicheke. Haukupita muda, safu ya mbele ya Faraj ilikuwa tupu.

"Nimemfunga Faraj na chai bado ya moto," Kamaludin alisema. "Mwanakuu mwanangu, kanuni hizi usije ukazibadilisha."

"Zimeshabadilishwa," Faraj alijibu. "Ndiyo maana umeshinda."

Mwanakuu alicheka nao, ingawa moyoni hakuwa na kicheko. Disketi yenye kanuni hizo ilikuwa mkobani mwake, na jioni ile ilikuwa iende chuoni, karibu na Buxton, ikatumwe ng'ambo.

Alikuwa mpiga chapa katika kiduka cha kadi za harusi hapo hapo Mji wa Kale. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na saa za mchana ambapo wateja wamelala. Kwa njia hiyo ndivyo alivyolijua kundi la watafiti wa nchi mbalimbali, waliokuwa wakitafuta jambo lililomkosesha usingizi tangu alisome mara ya kwanza: programu isiyojua mchezo wowote, ambayo ukiipa kanuni za mchezo isioujua kabla, inazisoma na kuanza kucheza. Ili kuzipima programu zao walihitaji michezo mingi ya namna nyingi. Basi kila mtu aliandika kanuni za michezo ya kwao katika lugha moja kavu waliyokubaliana, akazitia katika mkusanyo, na wote wakachota humo.

Mwanakuu alipoufungua mkusanyo ule alikuta bao limo tayari. Lilikuwa la safu mbili, la kuchota na kuhesabu, bila nyumba, bila chochote. Mratibu wa mkusanyo alijifunza alasiri moja nje ya Ngome ya Yesu, kwa muuza vinyago aliyemuuzia ubao mdogo wa kutia begini. Mwanakuu hakumlaumu muuzaji. Mgeni alikuwa na haraka, akapewa mchezo wa mtu mwenye haraka. Wala hakumlaumu mratibu. Alifunzwa jambo, akaliandika kwa uaminifu. Lakini alikuwa ameliandika kwa jina la Bao, na programu za dunia nzima zilikuwa zikilicheza kwa jina hilo.

Kwa hiyo aliliandika bao la safu nne, kama linavyochezwa kwenye daka la mjomba wake. Akaeleza namna mchezo unavyoanza na kete nyingi mkononi, zikiingizwa ubaoni moja kwa kila zamu, na hiyo ndiyo kunamua. Akaeleza hiari ya nyumba: kwamba mla kete akiishia nyumbani mwake anaweza kulala hapo, yaani kuikomesha zamu yake, au kuzichota na kusafiri. Mratibu alimjibu kwa adabu. Kazi ni nzuri, alisema, ila ni ndefu mno kwa programu zilizopo. Aondoe kunamua, aondoe hiari, na itaingia kama aina ya pili ya Bao. Mkusanyo utafungwa wiki hii. Isipokatwa, haitaingia.

Na Mwanakuu aliikata. Siku mbili alipunguza, akijiambia kwamba kidogo kinachoingia ni bora kuliko kizima kinachobaki nje. Ilipobaki fupi aliwaletea wazee waijaribu, maana hakuwahi kutuma kitu bila kukijaribu.

"Hili ni bao la kujifunzia," Kamaludin alisema, akizipanga kete upya. "Ndilo tunalowapa watoto wasitusumbue."

"Ndilo wanalolitaka, ami."

"Basi na uwaambie ni la watoto."

Faraj alilipitisha dole gumba ukingoni mwa nyumba yake iliyobaki wazi. Ubao ule aliuchonga mwenyewe alipokuwa fundi milango. "Mimi nimecheza kama ulivyotaka, mwanangu," alisema hatimaye. "Ukiniambia nicheze tena, nitacheza. Usiniambie tu kwamba ni bao."

Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika, Mwanakuu angepata la kumjibu.

Alivaa buibui lake vizuri, akaaga, akashika njia ya Makadara. Njiani aliyapanga maneno yake kama alivyozoea kupanga kazi, la kwanza kwanza. Nani anayeshindwa na urefu wa mchezo huu? Programu. Na programu zile zilitengenezwa kwa nini? Ili zicheze mchezo wowote utakaoletwa. Alisimama karibu na Tononoka, mkokoteni ukampita ukimpigia kelele apishe njia. Walijenga nyumba ya kupokea kila mgeni, kisha wanamwambia mgeni ainame mpaka apungue. Miaka yote alikuwa amejizoeza kusema pole pole na kungoja zamu yake, na ngojangoja ile aliiita heshima. Sasa aliona kwamba mjomba wake ndiye aliyefungwa mbele ya macho yake, na yeye ndiye aliyemshika mkono.

Tsofa, fundi wa maabara ya kompyuta chuoni, alimkaribisha kwa kumvutia kiti. Barua pepe zote za Mwanakuu na kundi zilipitia anwani yake.

"Umekuja na ile fupi?"

"Ninayo. Lakini humo imo na ile ndefu, nayo ndiyo nataka kuituma."

"Ataikataa, Bi Mwanakuu. Ameshakwambia."

"Simtumii yeye. Nawatumia wote waliomo kundini, kila mmoja kwake."

Tsofa aliuweka chini mkebe wa bisibisi. "Anwani ni ya chuo, dada. Wakitufukuza, tumefukuzwa sote wawili. Mimi pia nimo mle kwa kazi zangu."

"Najua. Ndiyo sababu nakuuliza kabla sijagusa chochote. Ukikataa nitarudi nyumbani, na sitakuwekea kinyongo."

"Na ile fupi?"

"Ile sitaituma hata ukikubali, hata ukikataa."

Tsofa alijikuna shingo, akatazama nje. "Babu yangu kule Kaloleni," alisema, "alicheza bao mpaka bibi akamletea chakula huko huko, halafu akaacha kumletea." Akacheka peke yake. "Laini ya simu leo inakatikakatika. Hiyo ndefu yako ikate vipandevipande, ndipo itapita."

Mwanakuu aliketi. Juu ya kipande cha kwanza aliandika, kwa Kiingereza chake cha vitabuni, mistari ambayo hakuipaka sukari: *Hili ndilo Bao. Lililomo mkusanyoni ni mchezo mwingine, na utafutiwe jina lake. Ikiwa programu yenu haiwezi kulicheza, tatizo liandikwe kwenye programu.* Akaisoma tena, akitafuta neno la kulainisha. Alipolipata, hakulitia.

Kipande cha kunamua kilikwenda. Cha nyumba kikakwama, laini ikakatika, wakaanza upya, kikaenda. Kulikuwa bado na sehemu ya pili ya mchezo, ya kete zote zikishaingia ubaoni, na humo mlikuwa na swali lililomshinda: mkono ukizunguka bila kulala, unakoma lini? Faraj alikuwa na lake, Kamaludin na lake, na walibishana tangu kabla yeye hajazaliwa. Angewauliza tena.

Kengele ndogo ya kompyuta ikalia. Mwanakuu alisoma, akasoma tena.

"Nani?" Tsofa aliuliza. Alikuwa ameanza kufunga madirisha.

"Mratibu. Asema niache kutuma mara moja, nimewajazia watu masanduku ya barua."

"Na wewe wasemaje?"

Hakumjibu mratibu. Alifungua ukurasa mpya, akaandika kichwa cha sehemu ya pili, na chini yake, hapo penye lile swali, akaacha nafasi pana. Kisha akaihifadhi kazi.

"Kesho wafungua saa ngapi?"

Tsofa alisimama na komeo mkononi, akiitazama skrini.

"Saa mbili," alisema. "Ila mimi huwa nimefika mapema."