Micheri ya Februari

Bi Kikuno mwenyewe ndiye aliyetaka kwenda Kawazu. Walikuwa wanakula chakula cha asubuhi, nje kukiwa na baridi kali, akaweka bakuli lake la uji na kusema kwamba kule kusini micheri ya mapema, ile miti ya maua ya rangi ya waridi, imekwisha chanua. Alitaka kwenda kuiona na kurudi siku hiyo hiyo.

Mwanawe Teruo aliinamia supu yake kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Nobue, mke wa Teruo, akajibu upesi, "Twende, Mama. Jumatano nitakupeleka."

Mwezi uliotangulia daktari alikuwa amewaita mume na mke, akafunga mlango, akawaambia kwamba uvimbe tumboni mwa Bi Kikuno umeshasambaa na hakuna la kufanya. Huenda asiifikie micheri ya ngome ya Odawara, mji wao, ambayo huchanua Aprili. Akawaonya, kama madaktari walivyofanya miaka hiyo, kwamba mgonjwa asijue. Yeye ataambiwa ana vidonda vya tumbo. Teruo aliinama akashukuru. Tangu siku hiyo, akitoka kazini, alikuwa akiingia nyumbani kwa mlango wa nyuma ili asikutane na macho ya mama yake. Jumatano ilipofika, akasema kiwandani kuna kazi nyingi.

"Amekimbia," alisema Bi Kikuno walipokuwa wakingoja treni. Hakusema kwa hasira.

Mama mkwe na mkwe hawakuwahi kusafiri wawili peke yao. Waliishi nyumba moja tangu Nobue alipoolewa, na waliishi kwa mabishano: figili zimetiwa chumvi nyingi, magodoro hayaanikwi hivyo, wali umeiva mno. Nobue alikuwa binti wa mkausha samaki, amelelewa kwenye upepo wa pwani, na mdomo wake haukukubali kushindwa. Lakini siku hiyo alikuwa mpole kama muuguzi. Alimkalisha mzee dirishani, akamfunika magoti, akammenyea chungwa. Treni iliingia kwenye mahandaki na kutoka, bahari ikionekana na kupotea, na kila mara alimwuliza, "Huoni baridi, Mama?"

"Naona. Ni Februari," alijibu Bi Kikuno.

Huko Kawazu, micheri ilikuwa imejipanga ukingoni mwa mto, maua yake mekundu kuliko ya nyumbani, na chini yake mharadali umechanua manjano. Watu hawakuwa wengi. Ndege wadogo wa kijani walikuwa wakinyonya maua, na petali zilianguka moja moja juu ya maji. Bi Kikuno alitembea polepole, mkono mmoja tumboni. Kila baada ya miti michache alisimama, akijifanya anatazama juu, mpaka pumzi irudi. Nobue naye alisimama, akatazama juu.

Mwanamke mmoja alikuwa akichoma samaki wakavu juu ya mkaa. "Bibi, karibu! Huyu ni binti yako?"

"Mkwe. Binti angeshanichoka zamani."

Muuzaji akacheka, akawachagulia samaki mnene. Wakakaa kwenye benchi linalotazama mto. Bi Kikuno akamega kipande kidogo, akatafuna muda mrefu.

"Samaki huyu hajakaushwa vizuri," akasema.

"Kweli, Mama. Hajakaushwa vizuri."

Mzee akaweka vijiti vyake vya kulia chini. "Samaki huyu ni mzuri sana, Nobue. Sijala mzuri kama huyu mwaka mzima."

Nobue akainua kichwa, akamtazama.

"Wewe, mtoto wa wakausha samaki! Zamani ningesema neno kama hilo ungenila mzima mimi na samaki wangu. Sasa kila nikisemacho ni kweli, Mama, kweli, Mama. Mwezi mzima hakuna anayebishana nami katika nyumba ile. Nilipotaka kuja huku, nilingoja mmoja wenu aniulize, 'Haraka ya nini? Si ungoje Aprili, micheri ya ngomeni iko mlangoni petu?' Hamkuuliza."

Nobue alitaka kusema habari ya vidonda vya tumbo. Maneno alikuwa nayo, ameyarudia mara nyingi, lakini machozi yakamtoka.

"Futa uso. Watu watadhani nakupiga," alisema Bi Kikuno. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Daktari alisema mpaka lini?"

"Alisema huenda usifike Aprili."

Bi Kikuno aliutazama mto. Petali zilikuwa zimekusanyika kwenye jiwe moja, maji yakizichukua kidogo kidogo. Akaiingiza mikono yake ndani ya mikono ya koti.

"Basi nimefanya vizuri kuja," akasema. Kisha akaongeza, "Teruo asijue kwamba najua. Anahangaika anidanganye, maskini, na wala hajui kudanganya. Nikimwambia, ataanguka. Mwache aone kwamba ananilinda. Nikishaondoka, utaona mwenyewe la kufanya."

"Na mimi je, Mama? Mimi niubebe mzigo huu wote peke yangu?"

"Wewe una shingo ngumu. Nimeilaani shingo hiyo tangu siku uliyoingia kwangu." Akamsogezea samaki. "Kula. Na tukifika nyumbani ubishane nami, tafadhali. Nisife nikiwa mgeni."

Jioni Teruo aliwapokea mlangoni. "Maua yalikuwaje, Mama?"

"Mazuri, lakini ya ngomeni yanayazidi. Aprili utanipeleka wewe."

"Nitakupeleka," alisema Teruo.

Nobue aliinama kupanga viatu, akakawia kuinuka.

Kesho yake alimwambia mama mkwe kwamba figili zake hazina chumvi, na mzee akamjibu vikali. Teruo alimfuata mkewe jikoni. "Huna moyo wewe? Mgonjwa yule!" Nobue hakujitetea. Wiki zilizobaki alilaumiwa hivyo mara nyingi, na chumbani Bi Kikuno alimshika mkono.

Mzee alifariki mwishoni mwa Machi, micheri ya ngomeni ikiwa bado vitumba. Teruo alikuwa kando yake, akimwambia vidonda vinaanza kupona, naye akiitikia kwa kichwa.

Majira ya joto yalipofika, Teruo alikuwa amekonda. Usiku hakulala, alikaa mbele ya picha ya mama yake hadi alfajiri. Jumapili moja asubuhi akasema, "Mama yangu mzazi, na nimemdanganya mpaka pumzi ya mwisho."

Nobue akamwambia yote.

Teruo alisimama kwa ghadhabu. "Mlinifanya mjinga! Mlikaa mkinicheka?"

"Hakuna aliyecheka. Alitaka uone kwamba unamlinda. Na ulimlinda."

Akatoka bila kofia, akarudi jua limeshuka, amelowa jasho. Akaketi mbele ya picha, na yeye ambaye hakulia mazishini akalia kwa sauti, kama mtoto, mpaka majirani wakafunga madirisha yao. Kisha akalala palepale kwenye mkeka. Asubuhi Nobue aliugusa mkono wake, akaona bado yumo katika usingizi mzito. Akapiga simu kiwandani kusema mumewe hatakuja leo, akateremsha pazia kuzuia jua, akamwacha alale.