Gambuti Jozi Themanini

Pale Nyahanga, mjini Kahama, bati likigongwa mara tatu maduka yote hufungwa: watu wa kodi wameingia mtaani. Jumatatu hiyo aliyeligonga ni Mageni, muuza sufuria, baada ya kumwona mwanamume mwenye shati jeupe na faili kwapani. Jirani yake Melania, ambaye mtaa mzima humwita Mama Violeth, akavuta mlango wa duka lake la gambuti, akajifungia ndani, akabana pumzi.

Mgeni akabisha. Akabisha tena.

"Mama, mimi Marcel, katibu wa kikundi cha wachimbaji wadogo. Nimetoka Geita. Nataka jozi themanini."

Themanini! Kwa mwezi mzima Melania huuza ishirini. Akafungua haraka.

"Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa... napanga mzigo."

"Gizani?" Marcel akacheka, kisha akakaza uso. "Sisi hatununui bila risiti yenye namba ya mlipakodi. Wenzangu watasema nimekula hela yao. Narudi Ijumaa. Usipokuwa nayo, naenda kwingine."

Kesho yake Melania akaenda ofisi ya kodi. Tangu afungue duka mwaka jana alikuwa anajificha. Aliamini atadaiwa yote kwa mkupuo, duka litiwe kufuli. Akapokewa na ofisa aitwaye Rhoda, binti wa umri wa mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, usinifungie duka."

"Nikikufungia, wachimbaji wavae nini? Ndala?"

Rhoda akamuuliza mauzo yake, akamwonyesha kwenye jedwali la ukutani mstari wa kodi unaomhusu. Faini ya kuchelewa ilikuwepo, hakumficha. Ila angelipa kwa awamu, na namba ya mlipakodi angeondoka nayo siku hiyo hiyo. Melania akausoma mstari ule mara mbili. Kiasi hiki kidogo ndicho alichokuwa anakikimbia?

"Wabeja, mwanangu," akashukuru kwa Kisukuma.

Ijumaa Marcel akaja na kirikuu, kigari cha kubebea mzigo. Akaisoma risiti, akaikunja, akaitia ndani ya faili.

"Mwezi ujao tunataka kofia ngumu. Unazo?"

"Utazikuta."

Kirikuu kilipoondoka, Mageni akasogea.

"Mama Violeth, siku hizi umekuwa mtu wa serikali, eeh?"

"Mimi mtu wa gambuti."

"Haya." Akapunguza sauti. "Huyo binti wa kodi uliyenisimulia, Jumatatu anakuwepo?"

"Yupo. Wahi asubuhi. Na usimdanganye mauzo, bei za sufuria anazijua."