Moshi wa Nje ya Ukuta

Mwajabu hakuwa na umeme. Hakuwa na chumba cha pili, wala mume, maana mume alikwenda Mererani kutafuta madini na miaka mitatu sasa hajaandika. Hakuwa na kazi yenye jina. Ile ya udobi katika hoteli moja ya Kinondoni ilifutwa mwaka 1996, hoteli ilipouzwa. Alichobaki nacho ni mashuka arobaini ya hoteli hiyohiyo kila siku, ya kufua uani na kupiga pasi chumbani kwake Temeke, kwa pasi ya mkaa, dirisha limefungwa.

Dirisha alilifunga kwa sababu ya vumbi. Siku moja alijaribu kupiga pasi uani, mashuka tisa yakarudishwa yana vidoa. Akaambiwa la kumi litakuwa la mwisho.

Mwanawe Nusaiba, wa miaka mitano, alizoea kucheza chini ya meza ya pasi. Jumatatu alasiri alilala hapo chini, akaitwa, hakuamka. Mwajabu alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Walimwekea hewa ya mtungi, na jioni mtoto akafumbua macho.

"Mnapikia mkaa ndani?" aliuliza daktari.

"Sipikii. Napigia pasi."

"Basi huyu asirudi katika chumba hicho. Safari nyingine hataamka."

Ruhusa ya kutoka ilikuwa Ijumaa.

Jumatano Mwajabu alipeleka mzigo wa mashuka hotelini, kisha akapanda ngazi hadi ofisi ya meneja, Bwana Marselino. Alimkuta na Leodegar, kijana mtaalamu aliyekuwa na miezi miwili pale akihesabu taa, viyoyozi, boila na jenereta. Wenye hoteli wapya walikuwa Ulaya, na walitaka kujua jengo lao linatoa moshi kiasi gani. Leodegar alikuwa ameijenga hoteli nzima ndani ya kompyuta, chumba kwa chumba. Ukizima taa humo, tarakimu ya chini, ya moshi wote, inashuka. Ukiwasha, inapanda.

"Shikamoo mama," alisema Leodegar.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama Nusaiba, mzigo unaishia mlango wa nyuma," alisema Marselino.

"Nimeuacha hukohuko, bosi. Nimekuja kuomba. Kile chumba cha dobi kiko wazi. Pasi za umeme zipo palepale, nimezichungulia. Nitafulia kwangu, ila pasi nipigie humu. Mtoto anatoka Ijumaa."

Marselino alicheka. "Umeona chumba kikubwa umekitamani. Hutaki na kiyoyozi?"

"Sitaki. Madirisha yake yana wavu, yananitosha."

"Mtaalamu, hebu mrudishe dobi kwenye mashine yako tuone."

Leodegar alibonyeza. Pasi mbili, saa sita kwa siku. Tarakimu ya chini ikapanda.

"Inapita ile tuliyowaahidi wenye hoteli," alisema.

"Umesikia, mama? Si mimi. Ni mashine."

Mwajabu aliisogelea kompyuta. "Na mkaa wangu mmeuweka wapi humo?"

Leodegar alimgeukia Marselino.

"Gunia moja kwa siku tatu," alisema Mwajabu. "Na mashuka ni yenu."

Leodegar alichukua penseli akapiga hesabu pembeni mwa karatasi. Akairudia. "Bosi, moshi wa mkaa ni zaidi ya mara mbili ya ule wa umeme. Tukiuingiza..."

"Mkaa uko Temeke."

"Lakini mashuka..."

"Bwana mdogo, hesabu yako inaishia wapi? Si uliniambia mwenyewe siku ya kwanza?"

"Kwenye ukuta wa hoteli."

"Ee. Basi."

Leodegar alichukua kifutio. Alifuta polepole mpaka karatasi ikawa nyeupe, akapuliza vumbi la kifutio, bila kumtazama mama yule.

Marselino alitia sahihi kwenye barua iliyokuwa tayari mezani. Ilisema moshi wa hoteli umepungua kwa theluthi moja. Akaikunja pamoja na kurasa za hesabu za Leodegar, akazitia kwenye bahasha.

"Usinune, mama. Wakubwa wakiikubali hii, wageni wataongezeka. Nitakupa mashuka themanini. Nani mwingine huko kwenu anapewa themanini?"

"Mtoto anatoka Ijumaa, bosi."

"Mpeleke kwa bibi yake."

"Bibi yake tumemzika mwaka jana."

"Basi kwa jirani. Nyie hamkosi majirani." Akailamba bahasha haraka, akampa. "Tarishi naye tulimpunguza. Wewe si unapita posta?"

Alipita posta. Alisimama mbele ya sanduku la barua na bahasha mkononi. Ilikuwa na stempu nzuri yenye twiga, na ilikuwa nyepesi sana. Upande wa barabara kulikuwa na mtaro wa maji machafu. Aliutazama. Angeitupa humo, mwezi ujao ingeandikwa nyingine, na kesho kusingekuwa na mashuka, hata yale arobaini.

Ndipo akaona kona moja ya bahasha haikushika. Marselino aliilamba vibaya. Akailowesha kwa ulimi, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika sawasawa, akaitumbukiza. Mkono wake ukabaki mdomoni mwa sanduku.

"Sogea basi mama," mtu alimwambia kwa nyuma. "Na sie tuna barua."