Jani Kwenye Ubao wa Mizani

Kila aliyekuwa na mbwa mwoga katika mitaa ile alielekezwa kwa Kochi. Alikuwa amefundisha mbwa wa kampuni ya ulinzi kwa miaka ishirini na mbili, na alipostaafu aliugeuza ua wa nyumba yake kuwa uwanja wa mazoezi. Kulikuwa na vizuizi vya kuruka vilivyotengenezwa kwa mipini ya fagio, na mapipa matatu yaliyotobolewa pande zote mbili yakaunganishwa kuwa handaki. Kulikuwa pia na ubao mrefu uliowekwa katikati juu ya gogo: mbwa akipanda upande huu na kufika kati, upande wa pili hushuka na kugonga chini, pwaa! Huo aliuita ubao wa mizani, na ndio uliowashinda wengi.

"Mbwa mwoga si mjinga," Kochi aliwaambia wateja wake. "Anangoja kipigo, basi. Kazi yako ni kumngojesha mpaka asahau alichokuwa anangoja. Ukimfokea mara moja, umerudi sifuri."

Wateja walitikisa vichwa kukubali. Wengine waliandika.

Jani aliletwa na daktari wa mifugo, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Jani alikuwa jike la rangi ya kahawia, sikio moja pungufu, aliyekutwa amefungwa waya kwenye ghala lililohamwa. Aliogopa ufagio, aliogopa viatu, aliogopa hata bakuli lake mwenyewe likisogea sakafuni. Ndiyo maana akaitwa Jani, kwa kutetemeka.

"Mpe miezi mitatu, Kochi," daktari alisema. "Kuna mashindano madogo ya vizuizi naandaa kwenye kiwanja cha shule. Akimaliza mzunguko mmoja tu, hata akiwa wa mwisho, nitapata mtu wa kumchukua. Mbwa anayetetemeka hivi hakuna anayemtaka."

Kochi aliulaza ubao chini kabisa, bila gogo, akaketi kando yake na vipande vya maini makavu kiganjani. Alikaa hivyo siku tisa. Siku ya kumi Jani aliweka mguu mmoja juu ya ubao, na Kochi akamwambia kwa sauti laini kama pamba, "Vizuri, mama. Vizuri sana. Hatuna haraka sisi."

Binti yake alikuwa dirishani akisikia.

Binti huyo alikuwa na miaka ishirini na mitatu na kigugumizi tangu utotoni. Alikuwa amepata kazi ya mapokezi katika ofisi ya bima, akaipoteza wiki ya tatu kwa sababu simu zilikatwa kabla hajamaliza kusema jina la ofisi. Akarudi nyumbani. Baba yake alimwita Konokono, mbele ya yeyote.

"Konokono, chumvi iko wapi?" aliuliza mezani siku ile ile ya mguu wa kwanza.

"I-i-iko ka-ka—"

"Ka-ka-ka! Kuku anataga humu ndani?" Akaugonga ubao wa meza. "Sema upya. Sema vizuri. Hakuna anayekula mpaka useme."

Chakula kikapoa. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani wa sare za shule na mwenye vidole vilivyojaa alama za sindano, alitazama sahani yake. Mwishowe aliinuka akaleta chumvi mwenyewe.

"Unaona?" Kochi alisema. "Ndiyo maana hajifunzi. Unamdekeza."

Baadaye, akikusanya vyombo, binti alijikaza akauliza, polepole, iliwezekanaje baba amngoje mbwa siku kumi kwa mguu mmoja, na yeye asimngoje amalize neno.

Kochi alicheka. Kwa kweli swali lilimfurahisha. "Mbwa aliharibiwa na watu," alisema. "Wewe nani amekuharibu?"

Mwezi wa pili Kochi alihitaji mtu wa kumzoesha Jani kelele. Akamsimamisha binti yake karibu na handaki, na kazi yake ilikuwa kuangusha sufuria, kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu. "Angusha tu. Usiseme kitu, sauti yako itamtia kichaa." Binti akaangusha, asiseme kitu. Na kwa kuwa hakusema kitu, wala hakumkazia macho, Jani alianza kumfuata. Akawa anamnusa visigino. Kisha akawa analala mlangoni pa chumba chake.

Asubuhi Kochi alipokwenda kwa wateja majumbani mwao, wawili hao walibaki uani. Binti alikimbia kandokando ya vizuizi, naye Jani akiruka. Neno moja moja lilimtoka bila kukwama: "Ruka! Ingia! Panda! Ngoja!" Hata yeye alishangaa. Juu ya ubao wa mizani, ambao sasa ulikuwa juu ya gogo, hakumharakisha. Jani alisimama katikati, miguu ikicheza, akasikiliza uzito wake mwenyewe ukihama. Ubao ukashuka, pwaa, akashuka nao akitikisa mkia kama aliyeshinda kesi.

Mama aliona yote kutoka kwenye cherehani. Siku moja alizima mashine na kusema, "Mwanangu, leo umesema maneno arobaini. Nimehesabu." Kisha akaongeza, "Usimwambie baba yako."

Asubuhi ya mashindano goti la Kochi lilikataa kukunjika. Lilikuwa goti la zamani, lilikuwa na siku zake, na siku hiyo lilivimba kama papai. Alikaa ukingoni mwa kitanda akitukana. Wateja wake wote walikuwa wamealikwa kumtazama Jani.

"Anaweza yeye," mama alisema, kama aliyeteleza ulimi.

"Nani?"

"Mtoto. Huwa... nimewaona."

Kochi alimtazama mke wake muda mrefu, kisha akamtazama binti yake. "Kumbe," alisema. "Kumbe nafundishiwa mbwa wangu nyuma ya mgongo." Lakini aibu ya kujiondoa ilikuwa kubwa kuliko hasira, wakaenda.

Kiwanja cha shule kilikuwa na watu kama themanini, kamba ya kuzuia watazamaji, na meza ambapo daktari aliandikisha mbwa. Kochi aliwekewa kiti kando ya kamba, mguu umenyooshwa, wateja wamemzunguka. Zamu ya Jani ilipofika, binti alimvua mnyororo, akasema, "Ruka!"

Akaruka cha kwanza. Cha pili. Cha tatu alikigusa kwa ukucha, hakikuanguka. Akaingia handakini akatokea upande wa pili kama risasi, na watu wakapiga makofi, naye hakushtuka. Mama alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Kochi mwenyewe alitabasamu na kumwambia jirani yake, "Miezi mitatu tu hiyo. Alikuwa hawezi kusogelea bakuli."

Ukafika ubao wa mizani. Jani akapanda, akafika katikati, akasimama. Binti akasimama pia, mikono chini, akangoja kama walivyozoea. Saa ilikuwa inakwenda. Sekunde nne. Sita.

"Msukume," Kochi alisema.

Nane.

"We Konokono! Msukume! Msukume huyo mbwa, mpumbavu we!"

Jani hakuwa amewahi kuisikia sauti ile uani. Sauti ile ilikuwa ya mezani, ya ndani, na uani ilikuwa haijatoka hata siku moja. Lakini aliijua. Alijilaza tumbo juu ya ubao, kucha zikitafuta pa kushika, na ubao ukashuka upande ambao hakuutarajia. Alianguka ubavu. Kisha akatoka mbio, chini ya kamba, katikati ya miguu ya watu, mpaka chini ya gari lililoegeshwa getini.

Kochi alichechemea hadi pale, akainama kwa shida. "Njoo, mama," alisema, na sauti ilikuwa tena pamba. "Njoo taratibu. Hatuna haraka sisi." Mkojo ukatiririka kutoka chini ya gari hadi kwenye kiatu chake.

Ni binti aliyelala kifudifudi kwenye kokoto na kumtoa.

Daktari alikuja akikimbia kutoka mezani kwake. Hakuwa ameona. "Kimetokea nini? Nani amemtisha?"

Wateja wakatazama viatu vyao.

"Amemvuta kola," Kochi alisema, akimwelekezea binti kidole. "Mbwa yuko juu ya ubao, yeye anamvuta kola. Nilijua tu."

Daktari akamgeukia mama. "Mama, wewe umeona?"

Mama aliikunja ncha ya kanga yake mara moja, mara mbili. "Nadhani amemvuta," alisema.

Binti alifungua kinywa. "Si-si-si—" alianza. Shingo yake ilikakamaa, macho yakamtoka, mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. "Si-si—"

"Basi, binti," daktari alisema, si kwa ukali. "Ondoka kwanza. Na mbwa huyu usimguse tena."

Nyumbani, mama alikaa kwenye cherehani bila kushona. Binti alisimama mbele yake, na mara hii hakukwama. "Ulisikia, mama."

"Nilisikia."

"Mbona—"

"Wewe utaondoka siku moja," mama alisema. "Mimi nitabaki naye."

Aliondoka baada ya wiki moja. Alipata kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, kwenye chumba chenye mvuke ambamo mashine zilipiga kelele kiasi kwamba hakuna aliyeongea na mwenzake, na hilo lilimfaa. Alipanga chumba. Habari za Jani alizipata kwa mama, kwa simu, vipande vipande: kwamba Jani hapandi tena ubao. Kwamba baba akinyanyua mkono hata kujikuna, analala chini. Kwamba wateja wawili wameondoa mbwa wao. Kwamba baba sasa anampandisha kwa mnyororo.

"Mwambie daktari," binti alisema.

"Nitamwambia," mama alijibu, na akauliza kama anakula vizuri.

Kisha ikaja simu saa nne asubuhi, katikati ya kazi. Jani alikuwa amemuuma Kochi mkono, nyama imefunguka, na Kochi alikuwa amempeleka kwa daktari akachomwe sindano ya mwisho. Mbwa aliyeuma mtu, alisema, hana dawa nyingine. Mama alikuwa ananong'ona. "Mimi niko hapa nje. Ukiwahi..."

Binti alitoka na aproni. Alikimbia mitaa sita, akaingia kliniki jasho likimchuruzika, akampita mama kwenye benchi, akampita baba aliyekuwa akifungwa bandeji na msaidizi, akasukuma mlango wa ndani.

Daktari alikuwa ananawa mikono. Juu ya meza palikuwa na taulo, na chini ya taulo sikio moja lilichungulia, lile zima.

Binti alivuta kiti akaketi. Akaanza kueleza. Ilimchukua karibu nusu saa: chumvi, sufuria, asubuhi za uani, sekunde nane, maneno yenyewe yaliyotoka kinywani mwa Kochi. Alikwama kwenye karibu kila sentensi. Mara mbili Kochi aligonga mlango akitaka kujua kama wamemaliza, na daktari hakumfungulia. Maji yaliendelea kudondoka bombani.

Alipomaliza, daktari alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Ungeniambia siku ile," alisema. "Ungeniambia pale pale kiwanjani, ningemchukua siku hiyo hiyo."

"Ni-nilikuwa nimeanza," binti alisema.

Daktari aliinuka akaufungua mlango, akamwambia Kochi kwamba hatamletea mbwa mwingine tena, na kwamba atawaeleza wenzake wote sababu. Kochi alianza kusema kitu kuhusu goti. Kisha akamtazama binti yake kana kwamba ndiye aliyemuuma, akatoka akiubeba mkono wake kama kikombe kilichojaa.

Mama alibaki nyuma. Alimfuata binti hadi getini, akamfuta jasho usoni kwa ncha ya kanga, naye binti akamwacha amfute.

"Utakuja Jumapili?" mama aliuliza.

Binti alivuta pumzi kutafuta jibu. Lilikuwa jibu refu, na herufi yake ya kwanza ilikuwa ngumu. Mama aligeuka akatazama barabarani, ambako Kochi alikuwa amesimama akimngoja, kisha akamgeukia tena haraka.

"Basi," alisema, "ukipata nafasi," na akaondoka kwa hatua za upesi.